Pakini Tisa za Bawa la Kulia

Bawa halikuvunjika, na hilo ndilo lililotuponza.

Najua wapo watakaocheka. Ndege mpya ya abiria, kabla haijabeba mtu hata mmoja, huna budi kutengeneza moja ya kuteswa. Unaifungia ndani ya kiunzi cha chuma kirefu kuliko mnara wa kanisa, unayavuta mabawa juu kwa jeki mpaka yanapinda kama upinde wa mwindaji, na watu walioijenga wanasimama chini wakiomba yasivunjike. Sisi tuliomba. Tukajibiwa. Ndipo balaa likaanza.

Mimi ni Marlys Haugen, fundi wa kuunganisha mabawa kwenye karakana ya Kampuni ya Larkmoor, hapa Bellingham, mwaka wa thelathini na moja sasa. Nimeona mameneja kumi na mmoja wakija na maneno mapya, na kumi wakiondoka na zawadi nono. Majina yao ninayo kwenye daftari. Mmoja alitufundisha kwamba sisi si wafanyakazi, ni familia. Mwaka uleule familia ikapunguzwa watu mia nne. Siku zote sitini na tatu za mgomo nilikuwa langoni, nikichoma mbao kwenye pipa na mvua ikininyea, na nakumbuka nani alipita ameinamisha kichwa na nani alipita akitutazama usoni. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Hesabu za nguvu za bawa sikufundishwa na Kampuni. Kampuni ilinifundisha kukaza bolti. Hesabu nilizifuata mwenyewe maktaba ya mtaa, Jumamosi kwa Jumamosi, miaka sita, mpaka mkutubi akawa ananiwekea kiti. Kwa hiyo ninaposema jambo kuhusu bawa, sisemi kwa hasira peke yake. Hasira ninayo, lakini na hesabu ninayo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana ni jepesi.

Bawa la ndege yetu si la chuma. Ni la nyuzi za kaboni zilizopakwa gundi na kuokwa kama mkate. Linapokutana na kiwiliwili cha ndege, sehemu hizo mbili hazigusani kila mahali. Hapa zimebanana, pale kuna mwanya mdogo kama unene wa unywele. Ukikaza bolti juu ya mwanya hujaunganisha kitu, umekilazimisha tu. Chuma kikilazimishwa hupinda kikakusamehe. Kaboni haisamehi. Inakaa na kinyongo chake humo ndani, inangoja siku. Dawa yake ni pakini: kipande chembamba kilichochongwa kwa unene uleule wa mwanya, unakichomeka, ndipo unakaza.

Kwenye karatasi yetu ya kazi, Hatua ya Arobaini ilisema hivi: fundi apime kila mwanya kwa mkono, kwa fila, ile seti ya majani ya chuma ambayo hata fundi wa pikipiki anayo mfukoni. Watu arobaini na wawili walikuwa wakila kwa hatua hiyo. Na maelfu ya watu wasioijua wangekuja kulala usingizi kwenye viti vyao juu ya bahari kwa sababu ya hatua hiyo.

Garrick Loomis, meneja wa kumi na mmoja, akaja na mashine ya mwanga. Inazipima sehemu zote kabla hazijakutana, kompyuta inakadiria mianya itatokea wapi, na pakini zinachongwa mapema. Sitasema mashine ni mbaya. Watu hupenda kusema wapiga kelele kama mimi tunachukia mashine. Kwenye ndege ya majaribio, kati ya pakini mia mbili ishirini na sita, mashine ilipatia mia mbili na kumi na saba. Mimi mwenyewe nisingefika hapo kwa wiki moja. Lakini mashine ilipima sehemu zikiwa zimelala mezani, na bawa halifungwi likiwa limelala. Linaning'inia. Linalegea kwa uzito wake. Zile tisa zilizobaki zimo humo, kwenye kulegea.

Loomis alituita kwenye zamu ya asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Hatua ya Arobaini haitumiki kwenye ndege ya majaribio," akasema. "Tunajaribu bawa na tunajaribu utaratibu mpya kwa pamoja. Likishika bila kupimwa kwa mkono, hatua inafutwa kwa ndege zote. Likivunjika mapema, inarudi, na mimi mwenyewe nitawaomba radhi. Kuna haki kuliko hiyo, Bi. Haugen?"

"Utaomba radhi kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

"Basi sina neno."

Kweli sikuwa na neno. Lilikuwa dau la haki, lazima nikiri, na katika daftari langu meneja aliyeweka dau la haki ni huyo peke yake. Sisi ndio tuliolivuruga.

Mwenzangu kwenye bawa la kulia ni Rogelio Abalos. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi tumbo kwa tumbo ndani ya mabawa, mahali ambapo ukipiga chafya mwenzako anaoga. Babu yake alikuja kutoka Ufilipino kukata samaki viwandani hapa pwani, na Rogelio husema familia yao imepanda cheo: kutoka kuwatoa samaki matumbo hadi kuingia wenyewe matumboni mwa ndege. Siku ya kufunga bawa la kulia, miguu yake ilikuwa nje ya tundu na sauti ikitoka ndani.

"Dada, njoo uone."

"Nione nini? Hatua imefutwa."

"Hatua imefutwa. Macho hayajafutwa."

Nikaingia. Alikuwa na fila yake, ile ya marehemu baba yake, ameshika jani moja na kulichomeka kwenye ungio. Likaingia kama barua kwenye bahasha. Akachukua nene zaidi. Nalo likaingia.

"Funga, Roge," nikamwambia. "Ndicho tulichoagizwa. Liache livunjike. Likivunjika tumeshinda."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Livunjike? Bawa nililolifunga mimi? Mbele ya watu wote siku ya kulivuta, na mke wangu amekaa pale na sinia lake la lumpia za kukaanga? Wewe kashinde na bawa lako, dada. Hili langu halivunjiki."

Hapo ndipo nilipopaswa kumvuta miguu nikamtoa nje. Mtu mzima, kiongozi wa chama cha wafanyakazi karakanani, niliyemwaga maneno miaka thelathini kuhusu mkakati na subira! Badala yake niliutazama ule mwanya. Mwanya ukanitazama. Mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni ukatoka na fila.

Kosa kama hilo meneja hawezi kulifanya. Meneja hana mkono wa kumsaliti.

Tukapata mahali tisa, pote kwenye bawa la kulia; la kushoto mashine ilikuwa imelipatia lote. Tukachonga pakini tisa kwa mkono, kwa msasa, tukizipima kwenye mwanga wa taa ya kichwani. Kisha tukafanya lile tunalolifanya siku zote kabla ya kufunga bawa: kila moja tukaiandika herufi za aliyeichonga. Si kwa penseli. Penseli inakula aluminiamu, na fundi anayeandika kwa penseli ndani ya ndege apewe ufagio akafagie. Tunaandika kwa kalamu ya bluu iliyoruhusiwa. Tano zilikuwa R.A. Nne zilikuwa M.H. Hakuna atakayeziona mpaka siku ndege itakapokatwa vipande, na ndiyo raha yake.

Tukakaza bolti. Nikatoka, nikachukua karatasi ya kazi, na pale palipoandikwa *imefanyika kama ilivyoagizwa* nikapiga mhuri wangu, namba 3316. Kwetu mhuri si mchezo. Ni jina lako, ni kiapo chako, ni ruhusa yako ya kugusa ndege. Niliupiga juu ya uongo. Nililala vizuri sana usiku ule.

Wiki tisa baadaye wakayavuta mabawa.

Desturi yetu ni kwamba kila fundi anaandika kwenye utepe asilimia anayodhani bawa litavunjikia, anaubandika kwenye sanduku lake la zana. Mia ni mzigo mkubwa kuliko wote ambao ndege itaupata maisha yake yote, ile dhoruba ambayo rubani akiipita anaacha kazi. Sheria inataka bawa lifike mia na hamsini na likae hapo sekunde tatu. Anayekaribia jibu hupewa kipande cha bawa lililovunjika. Mimi ninacho kimoja cha ndege iliyopita, miaka ishirini na miwili sasa, kinazuia mlango wa jikoni usijifunge.

Rogelio aliandika mia na sitini na moja. Mkewe alikuwa pale na sinia.

Ileana Voicu, mkuu wa majaribio ya uimara, ndiye aliyekuwa akisoma namba. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, mzaliwa wa Romania, na hapotezi neno. "Mia na ishirini." Ncha za mabawa zilikuwa juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. "Mia na thelathini." Kaboni ilianza kugugumia, milio midogomidogo kama kuni mbichi motoni. Hakuna aliyekuwa anatafuna tena. "Mia na arobaini." Rogelio alinishika kiwiko mpaka kikafa ganzi. "Mia na hamsini. Moja. Mbili. Tatu."

Likashika.

Jeki zikashushwa, kulivunja kukaachwa kwa siku nyingine, nami nikapiga kelele kuliko wote. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Nilikula lumpia mbili kwa mpigo na bado machozi yananitoka. Ndege yangu hiyo! Ndipo Loomis akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," akasema, uso unang'aa kwa furaha ya kweli, "bawa hili limefungwa bila mtu hata mmoja kupima mwanya kwa mkono. Kuanzia ndege ya kwanza ya wateja, Hatua ya Arobaini imefutwa."

Nikamtafuta Rogelio kwa macho. Alikuwa ameshaacha kupiga makofi.

Tulikwenda kukaa ndani ya gari lake, mvua ikipiga kioo.

"Tumewapa," nikamwambia. "Kwa mikono yetu tumewapa."

"Labda lingeshika hata bila zile tisa."

"Lisingeshika. Nimepiga hesabu. Mia na arobaini, basi."

"Hesabu zako za maktaba?"

"Hesabu ni hesabu, Roge. Haiulizi ulikaa kiti gani."

Akafunga macho. "Tukisema, mhuri unakwenda. Mimi nimebakiza miezi minane nistaafu. Miezi minane, dada. Nimeshanunua fimbo za kuvulia."

"Mhuri ulio kwenye karatasi ni mmoja."

"Najua ni wa nani. Ndio maana sitaki uende."

"Ndege ya kwanza ya wateja inafungwa bawa mwezi ujao. Kulegea kutakuwa kulekule, mianya itakuwa palepale, na humo ndani hakutakuwa na wapumbavu wawili kama sisi. Niambie utavua samaki gani ukiwaza hilo."

Nikafungua mlango.

"Marlys," akaniita, na jina langu huwa halitumii. "Angalau subiri mvua ikatike."

"Hapa? Nitasubiri mpaka Julai."

Nilimkuta Voicu ofisini na Loomis ndani, wanapongezana. Vizuri, nikasema moyoni, nitasema mara moja. Nikaweka daftari mezani.

"Bawa la kulia lilipimwa kwa mkono," nikasema. "Kuna pakini tisa ambazo mashine haikuzichonga. Mahali pake ni hapa, unene wake ni huu. Nilipiga mhuri kwamba hazipo."

Loomis alicheka kwanza. "Bi. Haugen, nakuheshimu, lakini hii ni mbinu ya chama. Umeshindwa dau, sasa unachafua meza."

"Ningekuwa nachafua meza ningesema ziko ishirini. Nimesema tisa. Mashine yako imepatia mia mbili na kumi na saba, na nitaisifu popote utakaponipeleka. Nyingine tisa tulizipatia sisi."

"Hivi unajua unachokiri? Umeweka saini ya uongo kwenye ndege!"

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye mwenye mhuri."

Voicu alikuwa hatutazami. Alikuwa anasoma daftari, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Kwa nini?" akauliza, bado ameinama. "Mlitaka livunjike. Kwa nini mkalirekebisha?"

"Kwa sababu lilikuwa na mwanya," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jambo analolijua. "Ungio linafunguliwa kesho asubuhi," akasema.

"Ileana, hiyo ni wiki tatu!" Loomis alisimama. "Wateja wanasubiri. Bawa limeshika, dunia nzima imeona!"

"Dunia nzima imeona bawa la huyu mama. Mimi nataka kuona lako."

Asubuhi ile tulikuwa watu ishirini tumelizunguka bawa. Voicu akauliza nani afungue. Kabla sijatoka mbele, Rogelio alikuwa ameshapanda ngazi. Hakumwangalia mtu. Akafungua bolti moja baada ya nyingine, akaingiza mkono, akautoa, akampa Loomis kipande chembamba kama ukucha.

Loomis akakisogeza kwenye taa. Akasoma herufi mbili za bluu. "R.A. ni nani?"

"Sitajificha nyuma ya mwanamke," akasema Rogelio. "Ni mimi. Na zimebaki nane, kwa hiyo shika vizuri, hizo ni kazi nzuri."

Kuna mtu alicheka. Loomis hakucheka, ila kukitupa hakukitupa. Alikiweka mfukoni mwa shati, na kwa hilo nilimwandikia alama moja njema.

Nikauvua mhuri shingoni mwenyewe, kabla hawajauomba. Voicu akaupokea kwa mikono miwili. Kuhusu Rogelio alisema tu kwamba karatasi ina mhuri mmoja na yeye anasoma kilichoandikwa kwenye karatasi.

Tukazitoa zote tisa. Tukafunga tena kama Loomis alivyoagiza tangu mwanzo, pakini za mashine peke yake, na safari hii nililiacha lile bawa na mianya yake. Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma vile. Rogelio alikaza bolti ameuma meno.

Wakavuta bawa la kulia peke yake. Hapakuwa na sinia wala kipaza sauti. Sanduku langu la zana lilikuwa limefungwa kwa amri, lakini utepe nilibandika juu yake hata hivyo: mia na arobaini.

"Mia na thelathini," akasoma Voicu. Loomis alisimama karibu yangu, mikono mifukoni. Nikamwambia, "Ungeziba masikio." Hakuziba.

Kwenye mia na arobaini na tatu bawa lilipiga mlio ambao niliusikia kwenye meno. Vumbi jeusi likatoka kwenye ungio. Nilikuwa nimekosea kwa tatu.

"Lilikuwa limeshavutwa mara moja," akasema Loomis taratibu. "Lilikuwa limechoka."

Voicu akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta yake pale ufa ulipoanzia. Ulianzia kwenye safu ya bolti iliyokuwa na mwanya mpana kuliko yote. "Halikuchoka," akasema. "Lililazimishwa."

Nitamtendea haki Garrick Loomis, maana daftari langu haliandiki mabaya peke yake. Radhi aliiomba kwa maandishi, sentensi tatu, bila maneno mapya. Nimeibandika kwenye friji. Mashine imebaki, na inafanya kazi yake vizuri. Hatua ya Arobaini nayo imebaki, na watu wake arobaini na wawili, na sasa inasema hivi: mashine ichonge, kisha mkono uhakikishe, bawa likiwa linaning'inia. Maneno hayo matatu ya mwisho ni yangu.

Mhuri sikurudishiwa. Wamenipa dirisha la stoo ya vifaa, natoa drili na kupokea drili, na kila fundi mgeni anayekuja kuazima fila hatoki pale mpaka anionyeshe anavyoishika. Wananiita Profesa. Wanadhani naumia.

Mwezi uliofuata ndege ya kwanza ya wateja ikafika kituo chetu. Sina ruhusa kuvuka mstari mwekundu wa sakafuni, kwa hiyo nilisimama ukingoni, ncha za viatu zikigusa rangi. Rogelio alikuwa ndani ya bawa, miguu tu inaonekana. Akakaa muda. Kisha akatoka kinyumenyume, akaja mpaka kwenye mstari akiwa ameshika pakini kwenye kiganja, mpya, bado ina vumbi la msasa.

"Mashine imekosa saba tu safari hii," akasema. "Inajifunza, mtoto wa watu."

"Na hii?"

"Ya nne. Pembe ileile mbaya, unaikumbuka."

"Mimi nasahau?"

Nikaipokea, nikaipitisha kidoleni. Ilikuwa safi. Upande wake mmoja alikuwa ameandika R.A. na kando akaacha nafasi. Akanyoosha mkono juu ya mstari mwekundu akanipa kalamu ya bluu.

"Sina mhuri, Roge."

"Nani kakuomba mhuri? Andika haraka, gundi inakauka."

Nikaandika.